Picha za Uchi na Nguvu za Wanaume: Yakini ni Ipi na Dhana ni Ipi?

Tumeulizwa na ndugu mmoja ahudhuriaye darsa yetu: Je, ni kweli kwamba kijana atazamaye picha za uchi katika simu huharibikiwa na nguvu zake za kiume, hata akioa asiweze kumwendea mkewe? Na ikiwa ni kweli, mbona matabibu wengine hawasemi hivyo? Ndugu huyu ametueleza kuwa amelisikia jambo hili juu ya mimbari, kisha akalisikia kwa muuza dawa wa njiani, na maneno ya wawili hao yalikuwa mamoja. Tofauti ni kuwa wa pili alikuwa na chupa ya kuuza.

Lau tungeulizwa suala hili miaka mitano nyuma, tungelijibu kwa neno moja: Naam. Na kwa hakika tulilijibu hivyo, wala si mara moja, katika darsa na katika karatasi hizi. Leo twataka kulitazama upya jibu letu na kuondoa humo lile lisilosimama. Wala asidhani mtu kuwa tumelegea juu ya machafu haya. Lililotusukuma ni habari ya mtu mmoja, nayo tutaieleza mbele, pamoja na kusoma kulikofuata baada ya habari hiyo.

Kwanza tuondoe shaka. Hatuulizi hapa kama kutazama picha hizo ni halali au ni haramu. Katika Suratun-Nur Mwenyezi Mungu amewaamrisha waumini wainamishe macho yao na wazihifadhi tupu zao, na amewaanza wanaume kabla ya wanawake. Kuanzwa huku kwa wanaume sisi hukupita upesi. Twajua sana kuwaonya binti zetu juu ya mavazi na matembezi, lakini mtoto wa kiume akijifungia chumbani na simu yake mpaka usiku wa manane husemwa kuwa anasoma. Na walio ndani ya picha hizo nao ni watu wenye mama na baba; wako miongoni mwao walioingizwa kwa ufukara, na wako walioingizwa kwa nguvu. Hayo yatosha kwa mwenye kutaka hukumu.

Suala letu ni jingine. Je, tuna haki ya kumwambia mtu kuwa atapotewa na nguvu zake, na hali sisi wenyewe hatuna yakini, ili tu aogope na aache? Wako wasemao: Maadamu matokeo ni mema, mtisheni. Sisi twaona kuwa kauli hii ina hatari mbili, moja kwa dini na moja kwa mwili wa mtu.

Hatari ya kwanza ni hii. Waliosoma usuli wanajua kuwa hukumu hufungamana na illa yake. Basi mwenye kuibandika hukumu illa isiyo yake, siku illa ile ikianguka watu watadhani hukumu nayo imeanguka. Tumeliona jambo hili katika nyama ya nguruwe. Walisema watu, na wengine wangali wakisema, kwamba imeharamishwa kwa ajili ya minyoo. Kijana wetu akenda Ulaya kusoma, akaona nyama iliyokaguliwa na kupikwa mpaka haina mnyoo hata mmoja, akarudi na swali ambalo mwalimu wake hakuwa na jibu nalo. Nguruwe hakuharamishwa kwa cheti cha daktari wa mifugo, wala hahalalishwi kwa cheti hicho. Na ndivyo itakavyokuwa kwa picha hizi. Kijana wa miaka 19 aliyezitazama tangu ana miaka 14, na kila alfajiri akaamka na mwili wake timamu, akitusikia tukisema kuwa amekwisha haribika atajua kwa nafsi yake kuwa twasema uwongo. Na akitukadhibisha katika lile alijualo, atatusadiki vipi katika lile asilolijua?

Hatari ya pili ndiyo iliyotufika sisi. Alikuwapo katika darsa yetu mtu mzima, umri wake umepita miaka 50, mwenye mke na wana, mtu wa safu ya kwanza. Alisikia siku moja tukisema kuwa picha chafu huua nguvu za mume. Yeye alikuwa amezitazama katika siku zake za kazi mbali na nyumbani, kisha akatubu. Nguvu zake zilipoanza kupungua akajisemea: Hii ndiyo adhabu yangu niliyoahidiwa. Hakumwambia mkewe, hakumwambia daktari, na kwetu sisi ndiko alikoona haya zaidi. Akaanza kulala chumba cha mbele kwa kisingizio cha joto. Miaka mitatu mke alidhani kuwa amechukiwa, au kwamba kuna mwingine. Hata alipopelekwa hospitali kwa kidonda cha mguu kisichopona ndipo alipopimwa, ikaonekana ana maradhi ya sukari, na ya muda mrefu. Daktari alimwambia kuwa kupungua kwa nguvu kulikuwa ni dalili, na lau angalikuja nayo mwanzo mguu ungalisalimika. Alikatwa vidole viwili.

Ndugu huyu hakutulaumu. Sisi ndio tuliojilaumu, kwani kiziba mdomo chake kilitoka kwetu.

Basi tuanze upya, kwa mwili. Kusimama kwa uume huanzia katika ubongo na mishipa ya fahamu. Amri ikishuka, mishipa hiyo hutoa hewa iitwayo nitriki oksaidi, nayo hulegeza misuli laini iliyo ndani ya uume. Mishipa ya damu ikatanuka, damu ikaingia kwa wingi katika nyama mbili mfano wa sifongo, na mishipa ya kuirudisha ikabanwa isiitoe. (Wataalamu watatu wa Marekani, Furchgott, Ignarro na Murad, walipewa tuzo ya Nobel mwaka 1998 kwa kuigundua kazi ya hewa hii katika mishipa ya damu.) Kwa hiyo yatakiwa akili iliyotulia, fahamu zilizo hai, damu ipitayo bila kizuizi, na homoni ya kutosha. Mishipa ipelekayo damu mahali hapo ni myembamba, yapata milimita 1 au 2, na ile ya moyo ni milimita 3 au 4. Ndiyo sababu mishipa ya mwili ikianza kuziba, huonekana kwanza katika ile myembamba. Na mtu wa makamo aliyepungukiwa na nguvu huenda akawa anaonywa habari ya moyo wake miaka kadha kabla moyo haujauma. Sukari huharibu fahamu na mishipa ya damu pamoja. Presha, tumbaku, unene, huzuni nzito, na baadhi ya dawa za presha na za huzuni, zote zinajulikana kwa jambo hili.

Na tuzingatie tarehe. Kati ya mwaka 1987 na 1989, katika jimbo la Massachusetts huko Marekani, waliulizwa na kupimwa wanaume 1,290 wa miaka 40 hadi 70, na matokeo yakachapishwa mwaka 1994. Wanaume 52 katika kila 100 walikuwa na upungufu wa nguvu, mdogo au mkubwa. Wakati huo hapakuwa na intaneti majumbani wala simu za picha mifukoni. Maradhi haya basi ni ya zamani kuliko simu, na yamekuwa mengi kabla yake. Mwenye kumwona mgonjwa wa namna hii na kumtuhumu macho yake kabla ya kumpima damu amekwenda kinyume.

Wako watakaosema: Hao ni wazee, twakuulizeni habari za vijana. Haya, na tuseme habari za vijana, kwani hapa ndipo penye mgongano.

Mwaka 2015 wataalamu wawili wa Kroatia, Landripet na Štulhofer, walitazama habari za wanaume vijana wa Kroatia, Norwe na Ureno, na hawakuona kuwa kutazama picha hizo kunafungamana na udhaifu, ila kwa kiasi kidogo sana katika kundi moja. Mwaka 2016 madaktari wa jeshi la majini la Marekani pamoja na wenzao wakaandika kinyume: kwamba wanawapokea vijana wenye udhaifu na hawaoni kwao maradhi ya mwili, na kwamba picha za intaneti zafaa kushukiwa. Wakaleta habari za watu watatu. Watatu wanatosha kumfanya mtu aulize, hawatoshi kumfanya ahukumu. Mwaka 2019 Grubbs wa Marekani na Gola wa Polandi walipima jambo lenyewe kwa uangalifu zaidi. Waliona kuwa wingi wa kutazama, peke yake, hauonyeshi waziwazi kufungamana na udhaifu. Lakini wale wasemao kuwa kutazama kumewashinda, wanataka kuacha na hawawezi, hao walikuwa na udhaifu zaidi kuliko wenzao. Na walipowafuata watu hao kwa muda, hawakuweza kuonyesha kuwa lile la kwanza ndilo lililolizaa la pili. Mwaka 2021 wataalamu wa Ubelgiji na wenzao wakachapisha majibu ya wanaume 3,419 wa miaka 18 hadi 35. Katika waliokuwa wakikutana na wenzao, 21 hivi katika kila 100 walikuwa na udhaifu wa namna fulani, na waliozama zaidi katika picha walikuwa na udhaifu zaidi. Lakini hawa waliulizwa kwa intaneti na wakajibu waliotaka kujibu, na mwenye tatizo ndiye mwenye hamu ya kujibu.

Tukiyaweka haya pamoja, hukumu yetu ni kuwa asemaye kwamba kila mtazamaji ataharibika amesema asilokuwa nalo. Asemaye kuwa hakuna madhara kwa yeyote naye amepita kiasi. Kati yao wako watu, na idadi yao haijulikani, ambao jambo hili limewashika, na kwao liko pamoja na udhaifu. Kama limeuzaa udhaifu, au udhaifu na woga ndio uliowakimbizia katika picha, au vyote viwili vimetoka katika huzuni moja, hilo lingali likichunguzwa.

Jinsi linavyoweza kutokea si vigumu kufahamika. Imejaribiwa zamani katika maabara kuwa picha ileile ikirudiwa, msisimko hupungua, na ikiletwa mpya hurudi. Simu haina mwisho wa mapya. Mtu akijizoeza miaka kumi kuwa peke yake, gizani, kwa mkono wake, akibadilisha picha kila ikipoa, bila ya kuwapo mtu wa kumtazama usoni, kisha akaletewa mke mwenye haya zake na pumzi zake, yamkini mwili wake usiitambue hali hiyo. Tena huja hofu. Hofu hubana mishipa ya damu, na hili ni jambo la yakini katika elimu ya tiba. Akishindwa usiku mmoja kwa uchovu, atauingia usiku wa pili akijipeleleza, na mwenye kujipeleleza hashiki jambo lake.

Na hofu hii sisi wenyewe twaizidisha. Katika baadhi ya mitaa yetu watu wangali wakingoja habari ya usiku wa harusi kama wangojao matokeo ya uchaguzi. Bwana harusi hajalala siku tatu, amesimama kupokea wageni, ana deni la ukumbi, na nje ya mlango kuna wanawake wakitega masikio. Akishindwa, mama atasema amerogwa, rafiki atampelekea unga, na sisi wa darsa tutamuuliza simu yake ina nini.

Hapa twapenda kuwakumbusha ndugu zetu walivyolitazama jambo hili mafukahaa. Wao hawakuona haya kuliandika. Katika Minhaj ya Imamu Nawawi, kitabu kisomwacho sana hapa Pwani, umo mlango wa mume asiyeweza. Mke akimshtaki kwa kadhi na jambo likathibiti, mume hupewa muda wa mwaka mmoja, kama alivyohukumu Sayyidna Umar R.A. Mwaka huo huhesabiwa tangu siku kadhi alipoupanga, si tangu usiku wa harusi. Na sababu waliyoitaja ni kuwa misimu minne ipite juu ya mtu huyo, joto na baridi, ukavu na unyevu, ijulikane kama udhaifu wake ni wa kupita au ni wa tabia ya mwili wake. Mwaka ukiisha na hali ni ileile, mke ana haki ya kutaka ndoa ivunjwe.

Tizameni hikima iliyomo. Hawakuanza kwa kumwuliza mtu huyu ana dhambi gani. Walimchukulia kuwa ni mtu aliyefikwa na jambo la mwili, wakampa muda, wala hawakumfanya mke kuwa kafara ya siri ya mume. Sisi tumeligeuza jina la mtu huyo, hanithi, likawa tusi la barazani, kisha twashangaa kwamba haji mtu kusema.

Huenda ndugu mwingine akatuambia: Mmewasikiliza mno madaktari wa Magharibi, na hao hawajali dhambi. Jawabu letu ni kuwa daktari hakuulizwa habari ya dhambi. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake mpya ya maradhi iliyopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika mwaka 2022, limeitaja hali ya mtu kushindwa kuyazuia matamanio yake mpaka yakaharibu maisha yake, kwa muda wa miezi sita au zaidi, kuwa ni maradhi. Lakini limesema pia kuwa ikiwa dhiki yote ya mtu ni kuhisi kuwa amefanya jambo baya, hiyo peke yake haimfanyi kuwa mgonjwa. Wako ndugu waliokasirishwa na neno hili. Sisi twaliona ni neno la insafu. Mtu aliyetazama mara mbili kwa mwezi na kulia usiku kucha ni mtu mwenye imani hai. Anahitaji kutubu na kusamehewa, hahitaji kuambiwa kuwa ubongo wake umeoza. Na yule atazamaye saa nne kila siku, amepoteza kazi, amemwacha mkewe peke yake, huyo tukimwambia atubu tu na aende zake tumemnyima haki yake ya pili, ambayo ni kutibiwa.

Twataka pia kuonya juu ya yule muuza dawa. Unga uitwao vumbi la Kongo, na chupa za mfano wake, huuzwa kwa jina la miti shamba. Mamlaka ya dawa ya Marekani imetangaza mara nyingi dawa za nguvu za kiume ziitwazo za asili ambazo zilipopimwa zilikutwa zimetiwa sildenafili kwa siri. Sildenafili ni dawa ya kweli, iliidhinishwa nchini Marekani mwaka 1998, na daktari huitoa kwa kipimo. Lakini mtu anayetumia dawa za naitreti kwa maumivu ya moyo akiila, presha yake yaweza kuanguka mpaka akafa. Muuzaji wa njiani hajui chupani mna kiasi gani, na mnunuzi hajui kuwa mna kitu. Tena dawa hiyo haitii hamu kwa asiye nayo, wala haiondoi sukari katika damu. Yaweza hata kumficha mgonjwa mpaka maradhi yake yakakomaa.

Ndugu aliyetuuliza tumemjibu hivi. Aache kutazama kwa sababu ameamrishwa kuacha, hata kama nguvu zake zingezidi kwa kutazama. Kama ana udhaifu, ajitazame: ikiwa aamkapo alfajiri mwili wake huwa timamu, na kushindwa kwake ni mbele ya mkewe tu, basi yaelekea mishipa yake ni mizima na jambo liko katika akili na mazoea, na hapo kuacha picha, kuzungumza na mke bila kuficha, na kuonana na mshauri anayejua kazi yake ndiyo njia. Hesabu ya siku 90 wanayopeana vijana si kipimo cha hospitali. Wako watakaopona kabla yake na wako watakaohitaji zaidi. Na ikiwa hata alfajiri hakuna kitu, au umri umepita miaka 40, au ana kiu isiyoisha na kwenda haja ndogo mara nyingi usiku, asingoje: apime sukari, presha na mafuta ya damu wiki hii, na amweleze daktari yote, pamoja na habari ya picha, kwani nayo ni sehemu ya historia yake.

Ama makhatibu wenzetu, twawaomba waliondoe neno la adhabu ya uhanithi katika hotuba zao mpaka waonyeshe dalili yake. Yako mengi ya kweli ya kusemwa: wakati uliopotea, mke aliyelinganishwa na asiyekuwapo, mtoto wa miaka kumi aliyeikuta simu ya baba yake haikufungwa.

Ndugu yetu aliyekatwa vidole ameturuhusu tuandike habari yake bila ya jina. Sukari yake imeshuka kwa dawa na kwa kuacha chai ya sukari nyingi, jambo ambalo anasema lilikuwa gumu kuliko yote. Amerudi chumba cha ndani. Katika darsa ya wanaume ya mwezi ujao tumemwalika daktari, naye atakaa baada ya sala ya Isha kujibu maswali. Yaandikwe katika karatasi, bila ya jina, na yatiwe katika sanduku lililo karibu na mlango wa udhu. Mke wa ndugu yetu ametutumia salamu kwamba wanawake nao wana maswali yao, na anauliza sanduku lao litawekwa wapi. Tumeagiza la pili.